GITAA LA KUAZIMA

Mwalimu anayesimamia gazeti letu ametutaka muhula huu kila mmoja aandike habari za jambo alipendalo yeye, si jambo analodhani kwamba walimu watalipenda. Wenzangu wameandika habari za mpira, habari za safari ya Dar es Salaam, na mmoja ameandika habari za mbuzi wake. Mimi nitaandika habari za gitaa la besi, ambalo nimelipenda tangu nilipokuwa Kidato cha Pili, pamoja na kosa nililolifanya juu ya gitaa hilo wakati wa masika ya mwaka 2024. Kosa lenyewe halina sifa, lakini nadhani lina mafunzo, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie mpaka mwisho.

Kwanza, kusema kweli, mimi sikutaka kupiga besi. Nilitaka solo, kama kila mvulana katika chama cha muziki cha shule yetu. Mpiga solo husimama mbele, watu humtazama vidole, na wimbo ukiisha yeye ndiye apigiwaye makofi. Basi nilikwenda kwa babu yangu mzaa mama, anayekaa Lipangalala, nikamwomba anifundishe, kwa kuwa ujanani alikuwa mpigaji katika bendi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nimpe mikono. Aliigeuza huku na huku kama mtu anayenunua mihogo, kisha akasema:

"Mjukuu wangu, vidole hivi ni vinene kama vyangu. Si vya solo hivi, ni vya besi."

Nilinuna. Babu akacheka, akasema, "Siku ukienda dansini, usimtazame mpiga solo. Tazama miguu ya watu. Utaona miguu yote inamfuata mpiga besi, na wenye miguu hawana habari."

Siku chache baadaye palikuwa na harusi mtaani, nikaenda nikatazama miguu. Niliona ni kweli. Tangu siku hiyo solo sikuitamani tena.

Kwa wale wasiojua, gitaa la besi ni gitaa refu lenye nyuzi nne nene. Uzi mnene kuliko zote hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde moja, na uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82, yaani maradufu. Mwalimu wetu wa Fizikia alitueleza kwamba sauti nzito huhitaji kusukuma hewa nyingi, ndiyo sababu besi hutaka spika pana na boksi kubwa. Spika ya simu ni ndogo kama kifungo cha koti, haiwezi kazi hiyo. Mtu anayesikiliza nyimbo za zamani kwa simu huwasikia waimbaji na solo, lakini mpiga besi humpoteza. Siku moja nilimchezea babu wimbo wa ujana wake kwa simu ya mama. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Wimbo ni wenyewe, ila mpiga besi hakuja kazini."

Hapo zamani bendi zilitumia besi kubwa ya mbao, iliyosimama kimo cha mtu na kupigwa kwa vidole. Gitaa la besi la umeme lililoenea duniani lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1951, kazi ya Leo Fender, fundi wa California aliyewahi kutengeneza redio. Unguja, watu wa kidumbak wana besi yao waiitayo sanduku. Hilo ni sanduku la mbao lenye fimbo na uzi mmoja, na mpigaji hukaza au kulegeza uzi kwa kuisukuma fimbo. Naomba msomaji alikumbuke sanduku hilo, maana nitalirudia.

Hapa Ifakara tuko wapenzi wanne wa besi, na makutano yetu ni katika banda la fundi redio mmoja pale Kibaoni, kila Jumapili alasiri. Wa kwanza ni fundi mwenyewe, ambaye hapigi chombo chochote ila anazijua spika kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Wa pili ni mwalimu wa kwaya, mwenye kupiga gitaa la besi la kwaya yao. Wa tatu ni babu. Wa nne ni mimi, ambaye kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba amplifaya nyuma ya baiskeli, na kila mtu ajuaye njia za Ifakara wakati wa mvua atanihurumia.

Makutano hayo hayapiti bila ubishi. Mwalimu wa kwaya hupenda sauti kali yenye kung'aa, kwa hiyo hupiga karibu na mwisho wa nyuzi, na nyuzi zake huzifuta kwa kitambaa kila amalizapo ili zisishike kutu. Babu hupenda sauti nene na fupi. Yeye hupiga karibu na shingo ya gitaa kwa nyama ya kidole gumba, tena huweka kipande cha sponji chini ya nyuzi ili mlio usivute. Husema besi iwe kama mchi katika kinu, ipige na kunyamaza. Mwalimu humjibu kwamba mchi hauimbi. Fundi husema wote wawili wamekosa, kwa kuwa sauti imo katika boksi, naye amelitengeneza boksi lake kwa mbao za mninga, zito hata watu wawili hulibeba kwa kupokezana. Mimi nilipoulizwa nilisema kwamba nyimbo nyingi za vijana siku hizi besi yake hutengenezwa kwa kompyuta, na baadhi yake ni nzuri. Wazee wote watatu walinitazama kama mtu aliyetia sukari katika wali.

Lakini nilichokipenda zaidi ni habari za babu. Alipiga besi miaka 11, tangu 1972 hadi 1983, katika bendi ndogo ya wafanyakazi. Jina la mwajiri wake sitalitaja. Siku zile bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama, viwanda, mashirika au majeshi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Polisi na Magereza nao walikuwa na bendi zao. Mwajiri alinunua vyombo na mpigaji akalipwa mshahara. Jambo hilo lilikuwa jema, maana kijana maskini asingeweza kununua gitaa wala amplifaya. Lakini lilikuwa na upande wa pili. Chombo hakikuwa cha mpigaji. Kila usiku baada ya dansi babu alilirudisha gitaa stoo, akatia sahihi katika daftari.

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilikosa fedha za kigeni, na vitu vya kutoka ng'ambo vikaadimika, nyuzi za gitaa zikiwa miongoni mwake. Babu anasema nyuzi zilipokufa sauti waliziondoa, wakazichemsha katika sufuria, wakazianika. Maji ya moto huondoa jasho na uchafu ulioingia katika mizunguko ya uzi, na sauti hurudi kwa majuma mawili au matatu. Uzi ukikatika kabisa walijaribu waya wa breki ya baiskeli. Sauti yake, asema babu, ilikuwa mbaya, lakini miguu ya watu haikulalamika.

Mwaka 1983 bendi ilivunjwa. Gitaa likarudishwa stoo kwa mara ya mwisho, naye akarudi Ifakara kulima mpunga. Miaka mingi baadaye alipita mahali pale, akamkuta mlinzi aliyemkumbuka, akafunguliwa stoo. Mchwa walikuwa wameila shingo ya gitaa, na nyuzi zilikuwa zimelala juu ya unga wa mbao. Bendi yao haikupata kurekodi hata wimbo mmoja. Babu husema, "Nilipiga miaka 11, na ushahidi wangu wameula mchwa."

Mkoa wetu wa Morogoro una sifa kubwa katika muziki. Hapa ndipo ilipokuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, alimopata sifa Mbaraka Mwinshehe, ambaye baadaye aliunda Super Volcano, akafariki mwaka 1979. Wote wawili walikufa kwa ajali za barabarani. Darasani kwetu niliwauliza wenzangu 10 kama wanamjua Mbaraka, na 9 wakasema wanamjua. Nikawauliza wanitajie mpiga besi yeyote, wa bendi yoyote ya zamani, wakanyamaza wote. Wapiga besi wenye majina wapo. Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park aliitwa "Computer" na mashabiki wake. Tom Malanga alipiga besi katika Les Wanyika kule Nairobi, na nadhani hakuna harusi katika Afrika Mashariki ambayo besi ya "Sina Makosa" haijapata kusikika. Hata huko Marekani mambo yalikuwa hivyo hivyo. James Jamerson wa Detroit alipiga besi kwa kidole kimoja katika nyimbo nyingi zilizouzwa dunia nzima, lakini kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa juu ya sahani. Liliandikwa mwaka 1971 katika sahani ya Marvin Gaye. Na huyo Jamerson, msomaji, alikuwa habadili nyuzi zake kwa miaka. Nilipomweleza babu hayo, alifurahi juma zima, na mwalimu wa kwaya akakosa la kujibu.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilikuwa Kidato cha Tatu, na chama chetu kiliombwa kupiga muziki katika mahafali ya Kidato cha Sita. Shule ilikuwa na gitaa la solo, kinanda na ngoma, lakini besi haikuwa nayo. Mwalimu wa kwaya aliniazima gitaa la kwaya, baada ya kuiomba ruhusa kamati yao na kunidhamini mwenyewe. Waumini walilinunua gitaa hilo kwa kuchangishana, wengine kwa fedha za mpunga wao. Babu alipoliona nyumbani kwetu limelala chini ya kitanda, aliniambia, "Kitu cha watu hakilali chini. Kitundike ukutani." Nilisema nitapiga msumari kesho. Kesho ikawa kesho kutwa.

Masika ile ilikuwa kali. Usiku mmoja mto Lumemo ulifurika na maji yakaingia mitaani. Tuliamka maji yamefika vifundoni, tukawatoa wadogo zangu, kisha magunia ya mpunga, kisha vitabu vyangu. Tulipofika mahali pa juu palipokavu nilikuwa nimechoka, nikakaa juu ya gunia nikalala. Alfajiri ndipo nilipokumbuka gitaa. Nilirudi mbio, maji yakiwa magotini, nikalikuta limeelea chini ya kitanda, limegota kwenye chaga.

Mafuriko si kosa langu, na hakuna ambaye angenilaumu. Kosa langu lilianza pale. Badala ya kulipeleka kwa fundi siku ileile, niliona haya, nikaogopa, nikafikiri nitalikausha kwa siri. Jua lilipotoka nililiweka juu ya bati, nyuzi zikiwa zimekazwa vile vile. Mwalimu wa kwaya alinikuta njiani akaniuliza, "Gitaa limepona na maji?" Nikamjibu, "Shikamoo mwalimu, lipo shuleni, salama kabisa." Siku sita nilimdanganya. Siku hizo sita mbao zilikauka upande mmoja kabla ya upande wa pili, na nyuzi zikaivuta shingo, hata ikapinda kama upinde. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Siku ya saba nilimwambia babu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Twende ukamwambie mwenye mali. Mimi nitakaa karibu, lakini maneno ni yako." Tukaenda Kibaoni, nikasema yote mbele ya fundi na mwalimu. Mwalimu wa kwaya alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Maji yalikuwa ya Mungu. Siku sita zilikuwa zako." Neno hilo liliniuma kuliko fimbo, na hata leo naliona ni la haki.

Fundi aliliangalia gitaa akasema kwamba kama lingeletwa siku ya kwanza lingetakiwa kulegezwa nyuzi, kufunguliwa, na kukaushwa polepole kivulini, basi. Sasa ilikuwa kazi ya majuma. Aliondoa nyuzi, akalegeza chuma kilichomo ndani ya shingo, akaibana shingo juu ya ubao ulionyooka wa mninga, na kila siku chache akakaza kidogo. Haraka ingeivunja. Vinasa sauti alivisafisha kutu kwa spiriti na brashi ya meno. Kitufe cha kuongeza sauti kilikuwa kimekufa, akaweka kilichotoka katika redio mbovu. Gharama ilikuwa juu yangu. Baba alitaka kuuza gunia, lakini babu alimwomba aniache nilipe kwa mikono yangu. Likizo ya Juni nilivuna mpunga wa watu kwa kibarua mpaka deni likaisha, na viganja vyangu vikapata sugu ambazo, ajabu, zimenifaa katika besi.

Lakini mahafali hayakungoja. Zilipobaki siku nne, babu aliniita, nikamkuta ana sanduku la mbao nyembamba, mpini wa jembe, na mshipi wa kuvulia kambare. "Wapemba na Waunguja wanacheza kwa hili," akasema, "Wandamba na Wapogoro watashindwaje?" Tulilitengeneza kwa alasiri moja. Unakanyaga sanduku kwa mguu mmoja, unausukuma mpini kuukaza uzi, unapiga kwa kidole. Sauti haipatikani kwa macho, hakuna alama. Ni sikio tu.

Siku ya mahafali niliingia jukwaani na sanduku langu. Wanafunzi walicheka, na baadhi ya wageni pia. Mpiga solo wetu akaninong'oneza nisimtie aibu. Wimbo ulipoanza sikuwatazama watu usoni. Nilitazama miguu. Kwanza mguu wa mama mmoja mwenye kitenge cha manjano ulianza kupiga chini, halafu wa mzee aliyekaa karibu naye, halafu safu nzima. Wimbo wa pili watu walisimama. Kicheko kilikuwa kimekwisha, wala sikumbuki kilikwisha lini.

Gitaa la kwaya lilirudi kazini mwezi wa Julai. Lina mvumo mdogo ambao hapo kwanza halikuwa nao, na sauti yake imekuwa nene zaidi. Mwalimu wa kwaya anasema limeharibika kidogo. Babu anasema limekuwa gitaa sasa. Fundi anasema boksi ndilo lililowasaidia wote wawili. Ubishi huo bado haujaamuliwa.

Babu sasa amepungukiwa masikio. Sauti nyembamba zimempotea, solo haisikii vizuri, lakini besi anaipata. Jumapili huweka kiganja chake juu ya boksi la fundi, akafumba macho. Amenifundisha besi ya nyimbo tano za bendi yao, zile ambazo hazikurekodiwa, na nikikosea hata mahali padogo hugonga boksi mara moja kwa kidole. Kwa hiyo ushahidi wa miaka ile 11, ambao mchwa waliula, uliobaki uko katika vidole vyangu, nami nimeanza kumfundisha mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza mwenye vidole vinene.

Mwaka huu mwalimu wa kwaya ameniazima tena gitaa lile kwa ajili ya mahafali ya Kidato cha Nne, ambayo ni mahafali yangu mwenyewe. Sikumwomba. Alilileta nyumbani kwa baiskeli, akaingia ndani, akatazama ukutani. Msumari ulikuwepo. Akalitundika kwa mkono wake, akaniaga, akaenda zake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne